Usiku Mmoja Katika Baa ya Visiwa: Wajibu wa Muislamu Kusema Wazi

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)

Baada ya kusoma Tashahudi, Taawudhi na Sura Fatiha, msemaji alisema:



Mada niliyopewa usiku huu ni ubaya wa ulevi. Nilipoletewa mada hii nilidhani ni nyepesi, kwa kuwa humu msikitini hakuna wa kunibishia. Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba pombe ni haramu. Lakini nilipoketi kuiandaa niliona kuwa nikisimama mbele yenu na kuzungumza kama mtu ambaye jambo hili halijamgusa kamwe, nitakuwa nimewadanganya. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu nianze na usiku mmoja wa maisha yangu, ambao siujivunii. Kisha nitaeleza niliyojifunza baadaye, na mwisho tutazame Kurani Tukufu na mwendo wa Mtume Mtukufu s.a.w. vinatuongoza vipi.

Miaka kadhaa iliyopita mwajiri wangu alinipeleka katika jimbo la California, Marekani, kwa mafunzo ya wiki tatu. Tulikuwa watu kumi na wawili kutoka nchi mbalimbali, na Muislamu nilikuwa peke yangu. Ijumaa ya mwisho wenyeji wetu walitangaza kuwa jioni tutatoka pamoja ili tuagane. Nikauliza tunakwenda wapi. Nikajibiwa kuwa tunakwenda kula na kusikiliza muziki. Hawakusema uongo. Chakula kilikuwapo, na muziki ulikuwapo.

Mahali penyewe palikuwa baa iliyojengwa kwa mfano wa kisiwa. Mlango ulikuwa mfupi, na ndani mna gizagiza. Kuta zilifunikwa kwa mianzi, na juu mliezekwa makuti, hata mimi mtu wa Pwani nikahisi kana kwamba nimerudi nyumbani. Darini zilining'inizwa nyavu na samaki aina ya bunju waliokaushwa, na tumboni mwao mnawaka taa. Pembeni bendi ilikuwa ikipiga ngoma na magitaa madogo ya nyuzi nne, na mwimbaji akiimba kwa sauti ya kubembeleza. Kila baada ya muda iliunguruma radi ya bandia, na maji yakamiminika kama mvua nyuma ya kioo. Vikombe vilikuwa vya udongo wa kufinyangwa, vimechongwa sura za watu wenye macho makubwa na midomo wazi. Hewa ilinukia nanasi na mdalasini. Ndugu zangu, sikuona mlevi aliyelala chini wala sikusikia matusi. Pombe ambayo nilifundishwa kuichukia ilikuwa ile ya kilabuni, yenye harufu mbaya na nzi. Hii ilikuja imevaa nguo za harusi.

Mhudumu alianza kuzunguka akiuliza kila mmoja atakunywa nini. Aliponifikia mimi, wenzangu wote walinigeukia. Nilikuwa na maneno mepesi tu ya kusema: mimi ni Muislamu, sinywi pombe. Sikuyasema. Nilisema, "Daktari amenikataza, natumia dawa." Sikuwa na daktari wala dawa. Niliogopa tu kuonekana mshamba, au mtu wa kuwahukumu wenzake. Nikaagiza maji ya nanasi, nayo yakaletwa katika kikombe kilekile cha sanamu, yamepambwa kwa kile kile kimwavuli cha karatasi. Mtu aliyenitazama kwa mbali asingejua kwamba sinywi wanachokunywa wengine. Na kusema kweli, hilo lilinifurahisha.

Kando yangu aliketi mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyepita miaka hamsini, mpole, mwenye maneno machache. Kwa wiki tatu zote nilimwona akinywa kahawa tu. Mhudumu alipomfikia alisita. Akanitazama mimi, akakitazama kikombe changu, kisha akaagiza. Baada ya kikombe kimoja akaagiza cha pili, na baada ya cha pili cha tatu. Tulipoondoka alikuwa akishikwa na watu wawili.

Asubuhi hakuja kwenye kikao cha kufunga. Adhuhuri nilikwenda chumbani kwake kumwaga. Akanifungulia mlango, uso umemvimba, akaniambia jambo ambalo sijalisahau hata leo. Alisema kuwa yeye ni mgonjwa wa pombe; kwamba pombe ilimvunjia nyumba yake; na kwamba hadi jana yake alikuwa amekaa miezi minne bila kuionja, akihesabu siku moja moja. Kisha akasema: "Nilijua wewe ni Muislamu, kwa sababu kila siku saa saba nilikuona ukitoka kwenda kusali. Tulipoingia pale nilisema moyoni, huyu atakataa, nami nitakataa pamoja naye. Uliposema ni dawa, nikaona kwamba hata wewe unaona haya. Silaumu mtu, kosa ni langu. Ila nilikuwa natafuta mtu wa pili tu."

Nilimwomba radhi, tukaagana. Nilipofika nyumbani nilimwandikia barua mara mbili, wala sikupata jibu. Sijui mwisho wake.

Ndugu zangu wapendwa, tangu siku hiyo nilitaka kuelewa ni mahali pa namna gani nilipoketi, pakawa na nguvu ya kunifunga mdomo. Nikasoma historia yake, nami nitawasimulia kwa ufupi, kwani ina mafunzo.

Marekani ilipata kupiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe kwa mujibu wa Katiba yake. Marufuku hiyo ilianza kutumika Januari 1920, ikafutwa tarehe 5 Desemba 1933. Muda mfupi baada ya kufutwa, mtu mmoja aitwaye Ernest Gantt alifungua baa ndogo huko Hollywood, akaipamba kwa mianzi, nyavu na mabaki ya vyombo vya baharini, akaiita Don's Beachcomber. Yeye mwenyewe akabadili jina, akaitwa Donn Beach. Mwaka 1934 Victor Bergeron alifungua mkahawa wake katika mji wa Oakland, ambao baadaye ulijulikana kama Trader Vic's. Huyu ndiye aliyedai kwamba mwaka 1944 alibuni kinywaji kiitwacho Mai Tai, jina litokanalo na lugha ya Tahiti, lenye maana ya kitu kizuri. Mwaka 1945, katika hoteli ya Fairmont mjini San Francisco, palifunguliwa ukumbi uitwao Tonga Room mahali palipokuwa bwawa la kuogelea la ndani. Aliyeupamba alikuwa mtengenezaji wa mandhari za filamu katika kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Bwawa likaachwa katikati kama ziwa, bendi ikapiga ikiwa juu ya mashua inayoelea majini, na ngurumo na mvua vikatengenezwa kwa mitambo. Askari waliorudi kutoka vita ya Pasifiki waliupenda mtindo huo, nao ukaenea.

Katika habari hizi naona mafunzo matatu.

La kwanza ni jinsi sumu inavyofichwa. Kinywaji kilichompatia Donn Beach sifa kubwa alikiita Zombie, yaani maiti anayetembea. Ndani yake mlichanganywa ramu za aina tatu, mojawapo ikiwa na kileo cha zaidi ya asilimia 75. Mtu hawezi kunywa kitu cha ukali huo kwa raha. Lakini ukitia maji ya matunda, sukari, viungo na barafu iliyopondwa, ulimi hauonyi tena. Mnywaji hudhani amekunywa sharubati. Ulimi ambao Mwenyezi Mungu ameuweka kuwa mlinzi wa mlango umehongwa kwa sukari. Na oneni ajabu hii: muuzaji mwenyewe aliweka kanuni kwamba mteja asiuziwe zaidi ya viwili. Yaani anayeuza anajua anachouza! Anayenunua ndiye asiyejua.

La pili ni jinsi muda unavyoibwa. Inasimuliwa kuhusu Donn Beach kwamba alikuwa akimwagia maji paa la baa yake kwa mpira ili wateja wadhani mvua inanyesha, waahirishe kuondoka, na kuagiza tena. Niliposoma hayo nilikumbuka ile radi ya bandia. Mle ndani hamkuwa na dirisha hata moja, na nyimbo zilifuatana bila mwanya. Kuhusu muziki wenyewe, maulamaa wana maneno yao, nami si mwanachuoni wa kuyaamua usiku huu. Ninachosema ni kwamba pale muziki ulikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa kumfanya mtu asitazame saa. Nami sikuitazama. Nilipotoka nje nilikuta Magharibi imenipita na Isha imeingia zamani. Mtanikumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kukusanya sala. Ni kweli, lakini mimi sikuwa nimenuia kukusanya. Nilikuwa nimesahau.

La tatu ni jinsi heshima ya watu wengine inavyokanyagwa. Vile vikombe vya sura za watu huitwa tiki. Katika mapokeo ya Wamaori, Tiki ni jina la mtu wa kwanza kuumbwa, na sanamu za namna hiyo katika visiwa vya Pasifiki ziliheshimiwa na wenyewe. Sisi hatuamini sanamu, wala hatuwezi kuzisujudia. Lakini Kurani Tukufu katika Sura Al-An'am inatukataza kuwatukana wale ambao wengine huwaomba badala ya Mwenyezi Mungu. Basi Muislamu anafurahiaje kuona kitukufu cha watu kimegeuzwa kuwa glasi ya mzaha? Tena watu wa visiwa hivyo hawakuwa na ramu. Kinywaji chao cha heshima kilikuwa kava, kitokanacho na mizizi ya mmea, na pombe kali waliletewa na mabaharia wa Ulaya. Ramu ilitoka katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, ambako Waafrika waliopelekwa utumwani walikatishwa miwa kwa mijeledi. Nayo ramu ikarudishwa katika pwani ya Afrika Magharibi kununulia watumwa wengine. Mimi, mtoto wa Afrika, niliketi mbele ya historia hiyo, nami nikaona haya kusema kuwa siinywi!

Sasa tutazame mafundisho ya dini yetu.

Katazo la pombe halikuja kwa siku moja. Kwanza, katika Sura Al-Baqara, Mwenyezi Mungu alieleza kuwa katika pombe na kamari mna dhambi kubwa na mna faida fulani kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko faida yake. Tazameni uadilifu huu. Islam haikukana kwamba watu huona faida humo: ipo biashara, upo uchangamfu, upo urafiki wa meza moja. Nilioyaona usiku ule ndiyo faida hizo. Kisha, katika Sura An-Nisa, waumini wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa. Mwisho, katika Sura Al-Maida, pombe ikaitwa uchafu na kazi ya Shetani, na sababu ikatajwa: kwamba Shetani anataka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Mimi sikunywa hata tone, lakini kukaa tu pale kulinizuia na sala. Ndiyo maana katika hadithi Mtume Mtukufu s.a.w. hakukataza kunywa peke yake, bali alimkataza mwenye imani asiketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Zamani nilidhani katazo hilo ni la ziada. Sasa naelewa kuwa ni la rehema.

Katazo la mwisho lilipoteremka, Anas r.a. alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha r.a. Wakasikia mpiga mbiu akitangaza kuwa pombe imeharamishwa. Hawakusema tumalize zilizomo vikombeni. Abu Talha alimwambia Anas atoke akaimwage, nayo ikatiririka katika njia za Madina. Huko Marekani taifa zima lenye polisi na mahakama lilijitahidi karibu miaka 14, likashindwa. Madina ilitosha sauti ya mtu mmoja njiani. Tofauti iko wapi? Madina mioyo ilikuwa imelelewa kwa miaka kabla ya amri kuja. Na jambo la pili, ambalo nililielewa kwa kumkumbuka yule mzee, ni kwamba siku ile hakuna aliyeacha peke yake. Waliacha pamoja. Kila mmoja alimwona wa pili wake akiinuka.

Siku hizi hata wasio Waislamu wanashuhudia ukweli huu. Tangu mwaka 1988 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeviweka vinywaji vyenye kileo katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani. Januari 2023 Shirika hilo lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na katika ripoti yake ya mwaka 2024 likakadiria kuwa vifo milioni 2.6 vya mwaka 2019 vilitokana na pombe. Mtume Mtukufu s.a.w. alikwisha kufundisha kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake pia ni haramu.

Ndugu zangu, nimalizie kwa mambo matatu ya kutenda.

Kwanza, vijana wetu. Si lazima mwende California. Sherehe za ofisi zipo, na hoteli za Dar es Salaam, Unguja na Mombasa zina kumbi zilizopambwa na bendi zinazopiga. Ukialikwa, uliza mapema ni mahali pa namna gani. Ukiweza, pendekeza chakula cha mchana mahali pengine, na mara nyingi utaona wenzako wanakubali. Na ukiulizwa kwa nini hunywi, sema kweli kwa upole: mimi ni Muislamu. Usitoe hotuba, wala usimkunjie mtu uso. Lakini usijifiche nyuma ya daktari. Hujui ni nani mezani anayesubiri kusikia neno hilo ili naye apate nguvu.

Pili, ndugu zetu wanaofanya kazi katika hoteli na kulazimika kubeba vinywaji hivi. Najua wamo miongoni mwetu, na wengine wameinamisha kichwa ninaposema. Hadithi inayowalaani wanaohusika na pombe inamtaja mbebaji pia, nasi hatuna haki ya kuificha. Lakini jumuiya inayomsomea kijana hadithi hiyo kisha ikamwacha na kodi ya nyumba na watoto wenye njaa, nayo itaulizwa. Mwenye duka, mwenye gari, mwenye kujuana na ofisi fulani, amtafutie ndugu yake mlango mwingine. Hivyo ndivyo tunavyoacha pamoja.

Tatu, walio na ugonjwa huu. Wako hata katika nyumba za Waislamu, na tunawaficha kwa aibu. Mtu anayejaribu kuacha akija msikitini asikute macho ya kumcheka. Akute mtu wa kukaa naye usiku ule ambao kiu inamshika, na mtu wa kumsindikiza hospitali, kwani aliyezoea sana huweza kudhurika akiacha ghafla bila uangalizi wa daktari. Mimi nilipewa nafasi ya kuwa mtu wa pili kwa mtu mmoja, nikaipoteza kwa kuogopa kuchekwa. Naomba msiipoteze ya kwenu.

Ewe Mwenyezi Mungu, tusamehe pale tuliponyamaza ilipotupasa kusema. Mponye yule mzee popote alipo, na umpe mtu wa pili aliye bora kuliko mimi. Walinde vijana wetu, wafungulie riziki ya halali ndugu zetu wanaoitafuta, na utujaalie tuwe watu ambao wanyonge hupata nguvu kwa kuwatazama. Amin.

Wassalaam alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.